Theluthi mbili ya nani? Jinsi ya kubadilisha katiba ya kikundi ikabadilika kweli

Kikundi chetu ni cha kufa na kuzikana. Tuko 43, tunakutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi chini ya mwembe wa shule ya msingi, na mimi ndiye katibu. Februari 2019, zikiwa zimebaki dakika kumi tufunge mkutano, tukafika kwenye Mengineyo. Mwanachama mmoja akasimama, akasema si haki mtu afiwe na mkwe halafu kikundi kimtazame tu. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akauliza, "Tumekubaliana?" Tukaitikia kwa pamoja, "Tumekubaliana!" Nami nikaandika kwenye muhtasari mstari mmoja: wanachama wamekubali wakwe waingie kwenye rambirambi.

Mwezi Mei mama mmoja katika sisi akafiwa na mama mkwe. Kwenye kuchanga, watu 11 wakagoma. Katiba tuliyoisaini, walisema, inataja mwenza, mtoto na mzazi, basi. Maneno yakawa mengi mpaka yakafika kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Naye hakuuliza nani mwenye huruma na nani mchoyo. Aliomba katiba, wito wa ule mkutano wa Februari na daftari la mahudhurio. Akasoma, akafunika daftari, akatuambia taratibu kwamba mlichofanya siku ile ni mazungumzo. Katiba yenu iko vilevile.

Yanayofuata ni njia tuliyopita baadaye kuirudia kazi hiyo vizuri, pamoja na niliyoyaona kwenye vikundi vingine vilivyoniita niwasaidie kuandika. Mifano ni ya kwetu Tanzania Bara, ila aliye Kenya au Zanzibar atakuta mengi yanamhusu.

Jua umeshika karatasi gani

Kikundi kilichotulia huwa na karatasi mbili. Katiba inabeba jina, malengo, nani anaweza kuwa mwanachama, viongozi wanapatikanaje, mikutano, mali, na kikundi kitavunjwaje. Kanuni zinabeba mambo ya kila siku: faini ya kuchelewa, zamu za kupika msibani, tarehe ya mwisho ya kulipa mchango. Kanuni mnaweza kuzigeuza kwenye mkutano wa kawaida kama katiba yenu inaruhusu. Katiba haigeuki hivyo.

Msichanganye na sheria ndogo. Hizo ni za serikali za mitaa: halmashauri ya kijiji inazitunga, mkutano mkuu wa kijiji unazijadili, zinapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Kikundi cha watu 43 hakina sheria ndogo hata kikiwa na ukali wa namna gani. Na mkiwa SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo) au AMCOS (ushirika wa wakulima wa kuuza mazao), katiba yenu inaitwa masharti, inaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, na mwenye kauli ya mwisho juu ya marekebisho ni Mrajis wa Vyama vya Ushirika.

Hapa nina maoni yangu, na nimegombana na watu kwa ajili yake: usiweke kiwango cha fedha kwenye katiba. Katiba yetu ilisema rambirambi ni Sh 200,000 na mchango ni Sh 5,000. Maana yake kila sukari na mchele vikipanda bei, lazima muitishe mkutano mkuu, mpate kura nyingi, muende halmashauri na mafaili. Katiba iseme mfiwa ana haki ya kupewa. Kanuni ziseme anapewa kiasi gani.

Soma kifungu cha marekebisho kabla ya kugusa kingine chochote

Kwa kawaida kimejificha kurasa za mwisho, jirani na kifungu cha kuvunja kikundi, mahali ambapo msomaji amekwishachoka. Kitafute. Kinatakiwa kikujibu nani anaruhusiwa kuleta pendekezo, litolewe siku ngapi kabla, mkutano upi una mamlaka hayo, na kura ngapi zinatosha.

Wapo watakaokuta hakuna. Katiba nyingi za mitaani zimenunuliwa steshenari karibu na ofisi za halmashauri. Unabadilishiwa jina la kikundi tu, unaprintiwa. Nimewahi kusoma katiba ya kikundi cha bodaboda ambayo malengo yake yalikuwa kufuga kuku wa mayai. Kama yenu haina kifungu cha marekebisho, basi pendekezo lenu la kwanza liwe kukiweka hicho. Lipeleke kwenye mkutano mkuu, si wa kamati, na umwonyeshe afisa maendeleo rasimu kabla ya siku ya mkutano ili asije akawashangaa baadaye.

Swali la nani analeta pendekezo watu hulidharau, kumbe linaweza kuangusha kazi yote. Kenya waliliona kwa ukubwa wake. Katiba yao ya 2010 ina njia ya kupitia Bunge, ibara ya 256, na njia ya wananchi, ibara ya 257, inayotaka saini za wapiga kura wasiopungua milioni moja. Mchakato wa BBI (Building Bridges Initiative), mpango wa kuirekebisha katiba hiyo, ulipita njia ya wananchi, na saini zilikuwepo. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia hiyo. Ikasema pia kwamba jedwali la majimbo mapya 70 liliwekwa bila wananchi kushirikishwa. Nilipoyasoma hayo nikaikumbuka Mengineyo yetu ya Februari. Kwa hiyo kama katiba yenu inasema pendekezo liletwe na wanachama watano kwa maandishi, tafuta watano waandike na kusaini. Mwenyekiti akilileta yeye mwenyewe kwa kuwa ndiye mwenyekiti, umempa mpinzani wako kisu.

Theluthi mbili: ya nani?

Hapa kaeni kidogo. Katiba yetu ilisema marekebisho yatapita "kwa theluthi mbili ya wanachama". Inasikika vizuri mpaka siku ya kuhesabu.

Chukua kikundi chetu cha watu 43. Kama ni theluthi mbili ya wanachama wote, 43 mara mbili gawanya kwa tatu ni 28.67, na kwa kuwa hakuna mtu wa sehemu, unapanda juu: 29. Kama ni theluthi mbili ya waliohudhuria, na waliohudhuria ni 31, unahitaji 21. Kama ni ya kura zilizopigwa, na wanne kati ya hao 31 wamekaa kimya, zimepigwa 27, unahitaji 18. Maneno ni yaleyale, lakini kutoka 18 mpaka 29 kuna watu 11. Kumbuka waliogoma kuchanga walikuwa wangapi.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano haikuacha mlango huo wazi. Ibara ya 98 inasema theluthi mbili ya Wabunge wote, na kwa mambo yaliyo kwenye Orodha ya Pili ya Nyongeza ya Pili inataka theluthi mbili ya Wabunge wote wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya Wabunge wote wa Zanzibar, kila upande uhesabiwe peke yake. Neno "wote" ndilo linalofanya kazi hapo. Hesabu hiyo ya pande mbili ndiyo iliyokuwa gumzo kubwa kwenye Bunge Maalum la Katiba mwaka 2014. Kila upande ulitakiwa kufikisha theluthi mbili yake, mpaka kanuni za Bunge lile zikabadilishwa ili wajumbe waliokuwa mbali, wakiwemo waliokwenda Hija, wapige kura kutoka huko waliko. Katiba Inayopendekezwa ilipita tarehe 2 Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Wakubwa wenye wanasheria mezani walihangaika na namba hii, sembuse sisi wa chini ya mwembe.

Ushauri wangu: pale maneno yasipoeleweka, tumia tafsiri iliyo ngumu kuliko zote. Kama mtapata 29, hakuna wa kusema hazikutosha. Halafu katika marekebisho hayohayo, nyoosheni kifungu chenyewe kiseme wazi: "theluthi mbili ya wanachama hai waliopo kwenye mkutano wenye akidi", au chochote mtakachochagua. Akidi ni idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa kuwepo ili mkutano uwe halali. Neno "hai" nalo lielezwe, maana kwenye kikundi cha kuzikana lina utani wake. Kwetu mwanachama hai ni asiyedaiwa michango ya miezi mitatu mfululizo.

Sipendi kiwango kigumu kwa kila kitu. Kwa mambo mengi theluthi mbili ya waliopo inatosha. Lakini kuvunja kikundi, kuuza mali na kugawana fedha wekeeni kufuli kubwa zaidi, wanachama wote wahesabiwe, hata wasiokuja. Watu wachache wenye shida ya fedha mwezi Januari wanaweza kula mfuko wa miaka kumi mchana mmoja.

Andika pendekezo kwa maneno kamili

"Wakwe waingie" si pendekezo la katiba. Hilo ni wazo. Pendekezo ni maneno yatakayokaa kwenye ukurasa, pamoja na nukta na mkato wake. Njia nzuri ni jedwali la safu tatu: kifungu kilivyo, kifungu kitakavyokuwa, na sababu. Letu lilikuwa hivi:

*Kilivyo, 9(b):* Mwanachama atakayefiwa na mwenza, mtoto au mzazi atapewa rambirambi ya Sh 200,000.

*Kitakavyokuwa, 9(b):* Mwanachama atakayefiwa na mwenza, mtoto, mzazi wake au mzazi wa mwenza wake atapewa rambirambi kwa kiwango kilichowekwa kwenye kanuni, ilimradi jina la marehemu limo kwenye fomu ya wategemezi aliyoijaza mwanachama kabla ya msiba.

*Sababu:* Wanachama wanalea wakwe. Viwango vihamie kwenye kanuni.

Rasimu ya kwanza haikuwa na ile sehemu ya fomu. Iliingia baada ya mzee mmoja mwenye wake wawili kuuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Wakwe zangu ni wanne. Mtanizikia wote?" Kila mtu akacheka, halafu kimya. Wengine wakataka tuandike wakwe wa mke mmoja. Mke yupi? Ungekuwa ugomvi wa nyumbani kwake, na sisi tumeuandika. Mwisho tukaacha kuhesabu wake tukahesabu majina: kila mwanachama ana fomu moja yenye nafasi kumi, anaandika anaowatambua mwenyewe. Mwenye wake wawili, mwenye watoto tisa na asiye na wazazi wote wanapimwa kwa fomu hiyohiyo.

Ukishaandika kifungu kimoja, pitia katiba nzima kutafuta vifungu vinavyofungamana nacho. Kwetu 9(b) ilishikana na kifungu cha 6 cha michango na cha 3 chenye tafsiri ya maneno. Usipovigusa, utakuwa na katiba inayojibishana yenyewe.

Na pigeni hesabu ya fedha kabla ya kuahidi. Mwanachama mmoja alitaka rambirambi ipande mpaka 300,000 na mchango uwe 7,000, kwa kuwa 43 mara 7,000 ni 301,000. Mweka hazina akamuuliza, "Na mfiwa naye anachanga?" Hachangi. Wanabaki 42, zinapatikana 294,000, na 6,000 zinatoka wapi? Ikabidi iwe 7,500, inapatikana 315,000 na salio linaingia kwenye mfuko. Ndugu mwanachama yule ni mwalimu wa hesabu, nasi hatujaacha kumkumbusha.

Wito

Kama katiba inasema siku 21, zihesabu bila kuhesabu siku ya mkutano. Mkutano wetu wa kurudia ulikuwa Jumapili tarehe 4 Agosti 2019. Wito ulisambazwa kufikia tarehe 14 Julai. Barua ya wito itaje marekebisho ya katiba kama ajenda inayojitegemea, itaje namba za vifungu, na lile jedwali libandikwe nyuma yake. Ajenda iliyoandikwa "mambo ya katiba" haimwambii mtu aje au abaki shambani.

Kwenye grupu la WhatsApp tuma, lakini usitegemee hapo peke yake. Kwetu wanachama tisa hawana simu janja, na wengi wenye nazo huwa hawana bando mwisho wa mwezi. Nilizunguka na daftari nyumba kwa nyumba, kila aliyepokea karatasi akasaini na kuandika tarehe. Asiyejua kusoma nilimsomea nikiwa nimekaa naye. Ilinichukua jioni nne na soli ya kiatu, lakini siku afisa alipouliza nani alipewa taarifa, nilimpa daftari sikusema neno.

Siku yenyewe

Hesabu watu mara mbili: wakati wa kufungua na tena dakika ile ya kupiga kura. Akidi si ya asubuhi tu. Tulifungua tukiwa 36, wawili wakaondoka, mmoja kwa ajili ya mgonjwa, na tulipopiga kura tulikuwa 34. Mahudhurio ya asubuhi yangetudanganya. Vilevile angalia anayeingia kwa kuchelewa wakati kura zinapigwa. Amueni mapema kama mlango umefungwa.

Kura ipigwe kifungu kwa kifungu. Wapo viongozi wanaopenda kufunga mzigo mmoja: kitamu juu, kichungu katikati, watu wainue mikono mara moja. Wanachama walitaka wakwe, hilo lilikuwa tamu. Kuhamisha viwango vya fedha kwenye kanuni hakukuwapendeza wengi, wakihofia kamati itapandisha michango inavyotaka. Hofu hiyo ilikuwa halali. Tungefunga mzigo, ama wakwe wangeanguka bila kosa, ama viwango vingepita bila kujadiliwa. Tulipovitenganisha, mtu mmoja akapendekeza tuongeze kwamba "viwango vitabadilishwa na mkutano wa wanachama wote na si kamati", na waliokuwa wanakunja uso wakalegea.

Hilo linaleta swali la kusahihisha maneno hapohapo mkutanoni. Kunyoosha lugha, kuongeza kinga, kupunguza ukali, inakubalika, alimradi yako ndani ya jambo lililotangazwa. Jambo jipya kabisa halikubaliki hata likipendwa na wote. Siku hiyohiyo mtu alitaka tubadilishe pia muda wa uongozi kutoka miaka miwili kuwa mitatu. Nilimwomba alete kwa maandishi mkutano ujao. Waliobaki nyumbani hawakuambiwa kwamba uongozi utajadiliwa.

Mikono au siri? Kwa jambo la fedha na jambo la mtu, karatasi. Kuna watu hawawezi kunyoosha mkono kinyume na mwenye duka linalowakopesha unga. Vipande vya daftari na ndoo safi vinatosha, na wahesabuji wawili wasio viongozi wahesabu mbele ya watu. Wasiopiga kura wahesabiwe pia, wasipotee.

Matokeo yetu: kifungu cha 9(b), ndiyo 30, hapana 3, hakupiga 1. Kuhamisha viwango kwenye kanuni, ndiyo 29, hapana 5. Angalia hiyo ya pili. Kwa hesabu ngumu ya wanachama wote tulihitaji 29 kamili. Angeondoka mtu wa tatu kwenda kumwona mgonjwa, pengine tungerudi mwakani.

Muhtasari

Katibu mwenzangu, andika siku hiyohiyo kabla hujasahau nani alisema nini. Huhitaji hotuba. Kwenye ajenda hiyo yetu inasomeka hivi:

*Ajenda 4: Marekebisho ya kifungu cha 9(b). Katibu alisoma kifungu kilivyo na pendekezo. Waliochangia hoja: 7. Waliokuwepo wakati wa kura: 34 kati ya 43. Kura za siri: ndiyo 30, hapana 3, hakupiga 1. Azimio: pendekezo limepita. Litaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2019 baada ya kupokelewa halmashauri.*

Linganisha na ule mstari wangu wa Februari. Ambatisha mahudhurio yenye saini, barua ya wito, na daftari la kupokelea wito. Mwenyekiti na katibu wasaini kila ukurasa.

Kupeleka kunakohusika

Kikundi kilichosajiliwa halmashauri, vikiwemo vya kuweka na kukopa ambavyo viko daraja la nne la Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata: barua ya maombi, muhtasari, mahudhurio, na nakala za katiba iliyorekebishwa. Jumuiya iliyosajiliwa Wizara ya Mambo ya Ndani inapeleka kwa Msajili wa Jumuiya, shirika lisilo la kiserikali kwa msajili wake, ushirika kwa Mrajis. Kwa aliye Kenya chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, kibali cha maandishi cha Msajili kinatakiwa kabla hamjabadilisha, na maombi yasainiwe na viongozi watatu.

Usisubiri. Wengi huweka karatasi kabatini, wanakumbuka siku wanayoomba mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, au siku benki inapokataa saini mpya kwa kuwa katiba iliyoko kwenye faili lao inasema watia saini ni wengine. Mkibadilisha chochote kinachogusa viongozi au fedha, nakala yenye muhuri ipelekwe benki pia.

Karatasi ikirudi na muhuri, printi katiba nzima upya. Kubandika kipande cha karatasi juu ya kifungu cha zamani ni kutafuta kesi. Kwenye jalada andika toleo la pili na tarehe. Kila mwanachama apate kopi, hata ikiwa kwa kuchangia shilingi mia chache za kopi.

Toleo la zamani usilitupe. Litawekwa kwenye faili, kwa sababu yaliyotokea lilipokuwa na nguvu yanaamuliwa kwa hilo. Yule mama aliyefiwa na mkwe wake mwezi Mei alisimama kwenye mkutano wa Agosti, baada ya kura kuhesabiwa, akauliza, "Na mimi?" Mwenyekiti akanitazama. Nikafungua katiba ya zamani, nikasoma 9(b) kama ilivyokuwa siku mkwe wake alipofariki. Hakuwa na haki, na mkutano hauwezi kurudisha nyuma kifungu ili kimfikie mtu mmoja, maana kesho tutakirudisha nyuma ili kimnyime mwingine. Alikaa chini. Mfuko wa kikundi haukutoa hata senti, lakini ile ndoo ya kura ilikuwa bado iko mezani. Mmoja wa wale 11 akanyanyuka, akatumbukiza noti ya elfu tano, akampa ndoo wa pembeni yake.